Kwa Nini Wakristo Huimba

Si watu wote wanaomwabudu Mungu humwabudu kwa kuimba. Sisi tunaoishi pamoja na ndugu zetu Waislamu twajua kwamba swala zao tano hazina nyimbo. Kurani husomwa kwa sauti nzuri yenye kanuni zake, lakini usomaji huo hauitwi wimbo. Kaswida nazo zina mahali pake, katika Maulidi na sherehe nyingine. Hata miongoni mwa Wakristo, Jumuiya ya Marafiki ilipoanza huko Uingereza katika karne ya 17, watu wake walikusanyika na kukaa kimya mpaka mmoja wao aguswe na Roho na kusema neno. Ajabu ni kwamba Marafiki wa Kaimosi na sehemu nyingine za magharibi mwa Kenya leo huimba sana, tena kwa nguvu.

Kwa hiyo tusidhani kwamba kuimba ni jambo lililojileta lenyewe katika ibada, kama vile umande unavyojileta asubuhi. Ni jambo ambalo Wakristo wamelichagua, wamelibishania, wakati mwingine wamelikataza, na kila lilipokatazwa wamelirudisha. Jambo linalorudi kila linapofukuzwa lazima liwe na sababu kubwa. Mimi, baada ya kuitazama historia yake, naona kwamba sababu iliyo kubwa kuliko zote ni hii: wimbo ndiyo sehemu ya ibada ambayo muumini wa kawaida huishika kwa kinywa chake mwenyewe. Mahubiri ni ya mhubiri, sakramenti hutolewa na aliyewekewa mikono, lakini wimbo ni wa kila mtu aliyeingia mlangoni.

Tuanze mwanzo. Ukristo ulirithi kuimba kutoka kwa Wayahudi. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, katika sura ya 25, kinataja waimbaji 288 waliofunzwa kazi hiyo kwa ajili ya nyumba ya Bwana. Zaburi zote 150 ni hazina ya watu hao. Lakini tuangalie vizuri: katika Hekalu, kuimba ilikuwa kazi ya Walawi, yaani watu wa ukoo maalumu wenye mafunzo maalumu. Sasa tulinganishe na usiku ule kabla ya Yesu kukamatwa. Mathayo na Marko wanasimulia kwamba baada ya chakula, yeye na wanafunzi wake waliimba, ndipo wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Hapakuwa na Mlawi wa zamu wala kinubi. Walikuwapo wavuvi na mtoza ushuru. Vivyo hivyo Paulo na Sila, wakiwa na mikatale miguuni katika gereza la Filipi, waliimba usiku wa manane, na wafungwa wengine wakawasikiliza. Wimbo ulikuwa umeshatoka Hekaluni na kuingia chumbani na gerezani. Hekalu lenyewe lilipobomolewa na Warumi mwaka 70, wimbo haukubomoka pamoja nalo.

Ushahidi wa mapema kutoka kwa mtu asiye Mkristo unatuonyesha jambo hilo hilo. Mnamo mwaka 112, Pliny Mdogo, mtawala wa Kirumi katika jimbo la Bithinia na Ponto, ambalo leo liko upande wa kaskazini wa Uturuki, alimwandikia Kaisari Trajan kuuliza awafanyeje Wakristo. Katika barua hiyo anaeleza kwamba watu hao walikuwa na desturi ya kukusanyika siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kwa kupokezana kana kwamba ni mungu. Habari hizo alizipata kwa kuwahoji watu walioshtakiwa, na ili kuhakikisha ukweli wake aliwatesa wajakazi wawili waliokuwa na huduma katika kusanyiko lile. Basi mtawala alipotaka kujua Wakristo hufanya nini hasa, miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoambiwa ni kwamba huimba. Na miongoni mwa watu alioona wanajua habari za ibada ile ni watumwa wawili wa kike.

Hata hivyo, kila jambo lililo mikononi mwa wote lina hatari zake. Katika karne ya 4 Arius, padre wa Aleksandria, aliyafundisha mawazo yake kuhusu Mwana wa Mungu kwa njia ya nyimbo pia. Mtaguso wa Nikea mwaka 325 uliyakataa mawazo hayo, lakini kukataza wimbo si rahisi kama kukataza kitabu. Kitabu unaweza kukichoma. Wimbo ukishaingia masikioni mwa watu hauna wa kuutoa. Haishangazi kwamba katika nusu ya pili ya karne hiyo Sinodi ya Laodikia iliagiza kwamba kanisani wasiimbe watu wengine isipokuwa waimbaji waliowekwa rasmi, na kwamba zaburi zilizotungwa na watu binafsi zisitumike. Viongozi wale walitaka utaratibu na usafi wa mafundisho, na hayo ni mambo mema. Lakini dawa waliyoitumia ilikuwa kufunga midomo ya wengi ili kuwazuia wachache.

Wakati huo huo, upande wa magharibi, mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 386 katika mji wa Milano, Justina, mama yake Kaisari kijana Valentinian wa Pili, alitaka kanisa moja litolewe kwa wafuasi wa Arius. Askofu Ambrosi alikataa. Waumini wakaingia kanisani, wakalala humo kulilinda, huku askari wakiwa nje. Augustino, aliyekuwa akikaa mjini humo na ambaye alibatizwa na Ambrosi mwaka uliofuata, anasimulia kwamba hapo ndipo watu walipofundishwa kuimba zaburi na tenzi kwa desturi ya makanisa ya mashariki, wasije wakazimia roho kwa huzuni na uchovu. Mama yake, Monika, mwanamke wa Afrika Kaskazini, alikuwa miongoni mwa waliokesha.

Tenzi alizotunga Ambrosi zilikuwa na umbo jepesi: ubeti wa mistari minne, na kila mstari silabi nane. Msomaji anayejua ushairi wetu atatabasamu hapa, maana utenzi wa Kiswahili, kama ule wa Mwana Kupona, nao una vipande vinne katika ubeti, kila kipande mizani nane. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Nadhani ni kwamba kila anayetaka maneno yakae katika kichwa cha mtu asiyeshika kitabu hufika mahali hapo hapo: kipande kifupi, chenye kipimo kisichobadilika, kinachomalizika kabla pumzi haijakatika.

Augustino huyo huyo alikuwa na wasiwasi ambao mpaka leo haujaisha. Katika kitabu chake cha Maungamo anakiri kwamba zipo nyakati alipoguswa na sauti kuliko maneno yanayoimbwa, na nyakati hizo alitamani heri asingemsikia mwimbaji kabisa. Mwishowe aliona kuimba kubaki kanisani, kwa kuwa masikio yakifurahi, roho iliyo dhaifu huweza kuinuka. Nalitaja hili kwa sababu tutalirudia.

Karne zikapita. Katika Ulaya Magharibi ibada ilibaki katika Kilatini, lugha ambayo watu wa kawaida waliacha kuielewa, na kuimba katika misa kukawa, kwa kiasi kikubwa, kazi ya wamonaki, makasisi na kwaya. Muziki waliouacha ni mzuri sana, wala sithubutu kuudharau. Lakini umati uliosimama katika ukumbi wa kanisa uligeuka kuwa wasikilizaji. Walawi walikuwa wamerudi.

Waliowarudishia watu wimbo hawakuwa wa kabila moja la mawazo. Wafuasi wa Jan Hus, yule mwalimu wa Bohemia aliyechomwa moto mwaka 1415, waliimba kwa lugha yao, na mwaka 1501 kitabu cha nyimbo za Kicheki kikachapwa. Martin Luther akafuata. Mwaka 1524 kilitoka kijitabu cha nyimbo nane tu za Kijerumani, nne kati yake zikiwa zake. Nane tu! Lakini mashine za uchapaji zilizisambaza haraka, na mtu asiyeweza kununua Biblia aliweza kuibeba imani yake kwa beti.

Si kila mwanamatengenezo alikubaliana naye. Huldrych Zwingli wa Zürich alikuwa hodari wa kupiga ala nyingi za muziki, lakini ibada aliyoipanga mwaka 1525 haikuwa na wimbo, na mwaka 1527 vinanda vya makanisa ya mji huo vikabomolewa. Yeye aliona kwamba sala ya kweli ni ya moyoni. Kanisa la Zürich lilikaa bila kuimba mpaka mwaka 1598, wimbo uliporudi. John Calvin wa Geneva alishika njia ya katikati: watu waimbe, ila waimbe Zaburi, kwa sauti moja, bila ala. Kitabu kamili cha zaburi hizo kilitoka mwaka 1562.

Huko Uingereza ubishi uliendelea kwa muda mrefu zaidi. Benjamin Keach, mchungaji wa Kibatisti mjini London, alipowazoeza waumini wake kuimba tenzi zilizotungwa na wanadamu, baadhi yao walijitoa katika usharika, naye mwaka 1691 akaandika kitabu kizima cha kuitetea desturi hiyo. Mwaka 1707 Isaac Watts akatoa mkusanyo wa tenzi zake, na baada yake Charles Wesley akatunga tenzi zaidi ya 6,000. Kaka yake, John, alikuwa na tabia ya kiualimu: mwaka 1761 aliwaandikia Wamethodisti kanuni za kuimba. Aliwataka waimbe wote, hata aliyechoka au aliye dhaifu. Waimbe kwa nguvu, lakini asiwepo wa kupiga kelele ili asikike kuliko wenzake. Waende pamoja bila kukimbia wala kujikokota. Na zaidi ya yote mioyo yao iwe kwa Mungu katika kila neno. Mimi niliyetumia miaka mingi kufundisha walimu sijaona maelekezo mafupi yaliyo bora kuliko hayo.

Wimbo ulipofika kwetu Afrika Mashariki ulikuwa umebeba historia hiyo yote. Lakini ni vizuri tukumbuke kwamba haukufika Afrika kwa mara ya kwanza. Kanisa la Ethiopia lilikuwa na nyimbo zake tangu zamani, ambazo mapokeo yao yanazihusisha na Mtakatifu Yared wa karne ya 6, na huko ngoma na kayamba za chuma hulia mbele ya madhabahu hadi leo.

Mjini Zanzibar, jiwe la msingi la kanisa kuu la Anglikana liliwekwa mwaka 1873 mahali palipokuwa na soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka huo huo. Edward Steere, aliyekuwa askofu kuanzia mwaka 1874, pamoja na wenzake walitia nyimbo katika Kiswahili. Hebu tufikirie walioziimba. Wengi walikuwa watoto na vijana waliookolewa majahazini, kila mmoja kutoka kabila lake huko bara, wasio na baba wala mjomba wa kuwaita. Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pamoja, na wimbo ulikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoweza kuyafanya kwa pamoja bila kuamriwa na bwana aliyewanunua.

Tafsiri hizo zilikuwa na kasoro, nasi tuziseme. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hali sauti nyingi za Kizungu huweka uzito kwenye noti ya mwisho wa mstari. Matokeo yake ni kwamba neno kama “Bwana” likaimbwa uzito wake ukiwa kwenye “na”, kinyume cha mazoea ya kinywa chetu. Hili si jambo dogo katika lugha ambayo “barabara” ya kupita magari na “barabara” yenye maana ya sawasawa hutofautishwa na mkazo peke yake. Hata hivyo watu walizipokea nyimbo hizo, wakazikunjakunja mpaka zikawatosha.

Kilichosaidia sana ni mtindo wa kuandika sauti kwa herufi, yaani do, re, mi, uliobuniwa na Sarah Glover wa Norwich na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19. Hauhitaji kinanda wala karatasi yenye mistari mitano. Ubao, chaki na mwalimu vinatosha. Ndiyo maana ulienea katika shule za misheni na vyuo vya ualimu. Nimeshuhudia wanachuo wapya, waliokuja kutoka mikoa mbalimbali wasiojuana hata kwa majina, wakiimba kwa sauti nne kabla wiki ya pili haijaisha. Baadaye walikwenda vijijini, na kila mmoja akawa kiongozi wa kwaya, atake asitake.

Bibi yangu hakujua kusoma. Kitabu cha nyimbo alikuwa nacho, akakifunga katika kitambaa na kukichukua kila Jumapili, lakini hakukifungua, maana nyimbo zote alizihitaji alikuwa nazo kichwani, kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Macho yake yalipopofuka uzeeni, hakupotewa na kitu. Mahubiri aliyoyasikia maishani mwake yalikuwa mengi, na sidhani kama angeweza kunirudia hata moja. Mafundisho aliyokuwa nayo, kuhusu dhambi, msamaha, kifo na tumaini, yote yalikuwa katika beti. Mwalimu yeyote anajua kwamba linaloimbwa halisahauliki. Ndiyo maana watoto hufundishwa herufi kwa kuimba.

Nguvu ya wimbo ulio kinywani ilionekana mapema Uganda. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu, Makko Kakumba, Yusufu Rugarama na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa moto karibu na Mengo kwa amri ya Kabaka Mwanga, na inasimuliwa kwamba walikwenda kufa wakiimba. Hawakuwa makasisi, wala hapakuwa na ibada iliyopangwa. Miaka ya 1930 ulipotokea Uamsho uliotajwa sana pamoja na hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, wimbo mmoja wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, ulivuka mipaka yote mpaka ukaimbwa na watu wasiojua neno jingine la lugha hiyo.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuimba kwa sauti zetu wenyewe. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha utafiti wake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na Desemba ya mwaka huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati juu ya liturujia iliyotaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi inayostahili. Kwa upande wa Walutheri, Howard Olson, mmisionari wa Kimarekani aliyefundisha Makumira, alikusanya nyimbo zenye sauti za Kiafrika katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, aliyekuwa mwanafunzi hapo Makumira, alitunga maneno ya wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, kwa sauti ya Kitanzania. Wimbo huo ulitafsiriwa kwa Kijerumani na Kiingereza, nao sasa umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Kilutheri ya Ujerumani na Marekani. Watoto wa nchi ya Luther wanashangilia Pasaka kwa sauti iliyotoka kwetu. Kutoka vile viwimbo vinane vya mwaka 1524 hadi hapo ni safari ya kustaajabisha.

Basi baada ya kusema hayo, naomba niseme linalonisumbua. Katika makanisa yetu mengi siku hizi zipo kwaya tatu, nne, hata tano. Zina sare nzuri, zina vinanda vya umeme na vipaza sauti vinavyotikisa vioo. Kila moja ina zamu yake, na ibada ikirefuka, kinachopunguzwa ni wimbo wa kitabu: ubeti wa kwanza na wa mwisho, basi. Usharika umeketi. Unatazama, unapiga makofi, unatunza fedha. Hata pale unapojaribu kuimba, mtu hasikii sauti yake wala ya jirani yake.

Sisemi kwaya ni mbaya. Zimewavuta vijana wengi kanisani, zimetupa tungo mpya, na wamo humo watu wanaojitolea kwa moyo safi. Lakini nakumbuka Laodikia, nakumbuka pia ule wasiwasi wa Augustino. Laodikia ilihitaji agizo la maaskofu ili kuwanyamazisha waumini. Sisi tunaelekea kunyamaza bila kuamriwa na mtu, kwa kuvutiwa tu na uzuri wa wanaotuimbia.

Kinga yake si ngumu. Kwaya ikitunga wimbo mpya, iufundishe usharika mzima, hata kiitikio tu. Siku moja moja kwaya ziketi katikati ya watu badala ya mbele yao, ili aliye na sauti ya wasiwasi apate wa kumwegemea. Vipaza sauti vizimwe kwa wimbo mmoja angalau. Watoto wa shule ya Jumapili wajifunze ubeti mmoja kila wiki kwa moyo. Kwa mwaka ni beti zaidi ya hamsini, nazo ni akiba ya maisha.

Nasema akiba nikiwa na maana yake hasa. Msiba unapoingia nyumbani saa nane za usiku, wanaofika kwanza ni majirani, na mmoja wao huanzisha wimbo gizani, wengine wakapokea bila kitabu wala taa. Mgonjwa aliye hospitalini, mfungwa, mzee aliyepofuka, na mtu aliye ugenini asikojua lugha ya watu, hao wote hawawezi kuiita kwaya. Watakachokuwa nacho saa hiyo ni kile walichokiimba wao wenyewe mara nyingi walipokuwa na nafasi. Wavuvi wale waliotoka kuimba na kwenda Mlima wa Mizeituni walikuwa na usiku mgumu mbele yao, na wengi wa watoto wetu nao watakuwa na wao. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba watakapoufikia, watakuwa na la kuimba.